Maswali Yenu: Mawe ya Meru, Kutoka Saddle hadi Kileleni

Barua nyingi za safari hii zimeelekea mahali pamoja: ule mgongo wa mawe na majivu wa Mlima Meru unaoanzia kibanda cha Saddle, karibu mita 3,570, na kuishia kileleni, mita 4,562. Vitabu vingine vitakuambia 4,566; hizo nne zisikukoseshe usingizi. Chache zimetoka kwa wasomaji wa Kilimanjaro na Mlima Kenya, nazo tumezijibu. Majibu ni ya jopo letu la waongozaji wa milimani.

Shikamooni. Tuko wanne, tunafanya kazi Arusha na tumezoea vilima vidogo. Mwezi wa nane tunataka kupanda Meru. Tumeambiwa ukipita Rhino Point "mnatumia mikono". Maana yake nini hasa? Tubebe kamba? (Msomaji, Njiro)

Marahaba. Kamba hamhitaji. Kiswahili chenyewe kimeshawajibu nusu ya swali: kupanda ni kwa miguu, kukwea ni pale mikono inapoingia kazini. Kutoka Saddle hadi Rhino Point ni kupanda tu, saa moja hivi. Hapo njia inashuka kidogo kwanza, jambo linalowaudhi wengi maana wanaona wanarudisha kimo walichokitolea jasho, halafu inaingia kwenye mabamba ya mwamba yaliyolala mshazari. Hayo ndiyo mliyoambiwa. Baada yake mnarudi kwenye majivu na kokoto hadi Cobra Point, karibu mita 4,350, kisha lipo rundo la mawe la mwisho chini ya kilele, ambako mikono inahitajika tena.

Mjue mko wapi hata kama ni giza. Meru una umbo la kwato ya farasi: ubavu wake wa mashariki uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, na njia inafuata ukingo wa ule uliobaki. Mkiwa mnapanda, kasoko, yaani shimo la volkano, liko kushoto kwenu, na kuta zake za ndani zinazama zaidi ya mita 1,000. Mtu akitaka kufunga kamba za viatu, kuvaa koti au kujisaidia, asubiri mahali pana na asogee kulia. Ajali za kipuuzi kabisa huanza kwa mtu aliyepiga hatua mbili kushoto ili kuwapisha wenzake.

Sasa mikono. Miguu ndiyo inayobeba. Mkono kazi yake ni kuzuia usiyumbe. Anayejivuta kwa mikono huchoka ndani ya dakika kumi, na kwenye mita 4,000 uchovu huo hauondoki kwa kupumzika kidogo. Kati ya viungo vyako vinne, vitatu viwe vimeshika mwamba na kimoja tu ndicho kinachohama. Hamisha mguu, tulia. Hamisha mkono, tulia. Kabla ya kukiamini kishikio, kigonge kwa kiganja. Jiwe lililoshikana na mlima linatoa mlio mkavu, mfupi. Lililo huru linalia kama mtungi mtupu, na pengine utalihisi likicheza. Ukilazimika kulitumia hilo la pili, likandamize kuelekea chini, usilivute kuja kwako. Miamba ya Meru ni ya volkano, imepasukapasuka, kwa hiyo kishikio alichokitumia mwenzako dakika mbili zilizopita hakina dhamana.

Kwenye mabamba wengi hukosea kwa namna moja: wanaogopa, wanainama, wanaukumbatia mwamba. Ukiinama hivyo uzito unaondoka kwenye nyayo na soli inateleza, na anayeteleza huinama zaidi. Simama wima, makalio yawe mbali na mwamba, shusha visigino ili sehemu yote ya mbele ya soli ikandamize. Hatua ziwe fupi. Ukijikuta unainua mguu hadi usawa wa kiuno, umeiacha njia. Rudi utafute ngazi ndogo mbili badala ya hiyo moja kubwa. Magoti msiyatumie kabisa, goti halina soli.

Fimbo za kutembelea zifungwe kwenye begi mkifika Rhino Point, ncha zikitazama chini. Fimbo inayoning'inia kwenye kifundo cha mkono inakunyang'anya mkono mmoja na inapenda kujibana kwenye nyufa. Glavu ziwe nyembamba, zenye mpira kiganjani, kwa ajili ya mawe. Zile nene za sufu ni za kupasha vidole joto mkiwa mmesimama, kwenye mwamba zinateleza. Kofia ngumu tunaishauri kwa kila mtu. Ya mafundi ujenzi yenye mkanda wa kidevu ni afadhali kuliko kichwa kitupu.

Kuhusu saa: ondokeni Saddle saa 7 usiku. Mna karibu mita 1,000 za kupanda, nazo huchukua saa tano hadi sita kwa mwendo wa pole pole. Jua linachomoza saa 12 na nusu hivi. Kubalianeni kabla hamjalala kwamba ikifika saa 2 asubuhi kila mtu anageuka, hata kama kibao cha kileleni kinaonekana. Mtahitaji saa tatu kurudi Saddle, na wengi siku hiyohiyo wanaendelea hadi kibanda cha Miriakamba, mita 2,514. Mawingu nayo kwa kawaida hupanda kadiri asubuhi inavyosogea, na mwamba uliolowa si mwamba mliopita usiku.

Nilifika kileleni Januari. Kwenda, gizani, mabamba niliyapita bila shida. Kurudi mchana nilifika palepale nikakwama, magoti yanatetemeka. Nikaishia kuteremka kwa makalio, suruali ikachanika. Nilikosea wapi? (Dada wa Dodoma)

Hukukosea kwenda, ulikosea kudhani kazi ilikuwa imekwisha. Barua kama yako ndizo nyingi kuliko zote.

Sababu ziko tatu na zinafanya kazi pamoja. Kwanza, tochi ya kichwani ilikuonyesha mita tatu za mwamba na si zaidi. Mchana unaona kasoko lote na ile koni ya majivu katikati yake, na akili inaanza kupiga hesabu ya kuanguka. Pili, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ngumu zaidi ukishuka kuliko ukipanda, maana inarefuka huku imebana, ikifanya kazi ya breki. Ukifika kwenye mabamba umeshashuka mita mia kadhaa za majivu na breki zimechoka. Kutetemeka kwa magoti ni misuli iliyochoka, hofu inakuja baadaye na kuongezea. Tatu, ukipanda macho yako yako karibu na vishikio. Ukishuka, macho yako juu na unachokitafuta kiko chini ya miguu, mita moja na nusu mbali, kimefichwa na begi la kifuani au tumbo la koti.

Kuteremka kwa makalio kunavutia kwa sababu unajiona uko karibu na ardhi. Lakini nyayo hazibebi kitu, kwa hiyo hazishiki. Na begi likigusa jiwe lililo nyuma yako linakusukuma mbele, kuelekea usikotaka. Penye ngazi moja fupi sawa, kaa, weka viganja viwili, teremsha miguu. Si kwa bamba zima.

Fanya hivi. Penye mteremko wa kawaida shuka ukitazama mbele, magoti yamekunjika kidogo muda wote. Panapokuwa pakali kiasi cha kutaka mkono mmoja, geuka ubavu: mkono wa upande wa mlima unashika, mguu wa upande wa bonde unatangulia. Panapotaka mikono yote miwili, geuka uutazame mwamba kama unayeshuka ngazi ya bati, na kabla ya kila hatua chungulia katikati ya miguu yako, si kwa kuupitisha uso begani. Geuka mapema. Wengi wanasubiri hadi wamefika mahali ambapo kugeuka kwenyewe ni hatari.

Na jambo la kufanya kabla ya yote hayo: pale mabamba yanapoanza, simama dakika kumi kamili. Kula kitu kitamu, kunywa, punguza nguo, kaza kamba za viatu kwenye kifundo ili kidole gumba kisigonge mbele. Dakika kumi hizo zina faida kuliko mbili ulizotumia kupiga picha kileleni.

Suruali: kiraka cha ndani, kabla ya safari, kwenye makalio na magoti. Fundi cherehani wa mtaani atakufanyia.

Buti mpya ni ghali. Nimeona za mtumba nzuri soko la Memorial hapa Moshi, ngozi safi kabisa, hazijavaliwa sana. Ninunue? (Mwanafunzi wa chuo, Moshi)

Nunua, lakini usiitazame ngozi kwanza. Buti isiyovaliwa sana ndiyo ya kuitilia shaka zaidi.

Buti nyingi za milimani zina tabaka laini katikati, kati ya soli nyeusi ya chini na sehemu ya juu, lililotengenezwa kwa poliuretani. Tabaka hilo huoza kwa unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa kabatini. Baada ya miaka mingi linakuwa kama keki iliyokauka. Buti iliyovaliwa kila wiki huisha soli kabla ya kuoza. Iliyokaa sandukuni Ulaya miaka kumi na mitano, kisha ikasafiri kwenye kontena na kukaa kwenye joto la bandari, inaonekana mpya na soli inabanduka yote siku ya pili mlimani. Waongozaji hubeba gundi na kamba ya manila kwa sababu hiyo hasa.

Kuipima: bonyeza tabaka hilo kwa ukucha wa kidole gumba. Likirudi kama mpira, vizuri. Likibaki na alama au likimung'unyuka, liache. Kunja buti kwa nguvu mara kumi na utazame pembeni kama kuna nyufa ndogondogo kama za tope lililokauka. Vuta ncha ya soli mbele na nyuma kwa vidole. Harufu nayo inasema: uvundo mtamumtamu kama wa plastiki iliyochacha ni dalili mbaya.

Ukiridhika, tazama meno ya soli. Kwa mwamba unahitaji kingo kali chini ya dole gumba; zikiwa zimeviringika, buti hiyo ni ya shambani. Ijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi nene utakayovaa. Sukuma mguu mbele hadi vidole viguse: nyuma ya kisigino paingie kidole kimoja. Kisha simama kwenye kitu kilichoinama, hata ubao, ukitazama chini. Vidole vikigonga mbele hapo sokoni, Meru utashuka ukiwa na kucha nyeusi. Zikate fupi siku mbili kabla ya safari.

Halafu itembelee kilomita thelathini kwa uchache kabla ya siku yenyewe, baadhi yake kwenye mawe. Kama ni ya kubanduka, ibandukie Moshi.

Kwa nini lazima twende Meru na askari mwenye bunduki? (Msomaji, Mbeya)

Kwa sababu ya nyati hasa, na tembo, kwenye msitu wa chini kati ya geti la Momella na Miriakamba na hata juu kidogo ya hapo. Ni Hifadhi ya Taifa ya Arusha, wanyama wako kwao. Kaeni nyuma ya askari, msitawanyike, msipige kelele kwenye kona.

Mimi ni mpagazi, njia ya Machame, Kilimanjaro. Kwenye ukuta wa Barranco wageni wanaziba njia, sisi tuna mizigo kichwani na tunawahi kambi. Tunalazimika kupita upande wa genge. Kuna utaratibu gani? (Mpagazi, Kibosho)

Utaratibu upo, tatizo hausemwi kwa mgeni kabla hajaanza kukwea. Ukuta una urefu wa mita 250 na ushei na mgeni anautumia saa moja na nusu hadi mbili. Ninyi mnaupanda kwa nusu ya muda huo. Kupishana hakukwepeki.

Anayepisha ndiye anayesimama, naye asimame upande wa mlima, mgongo au kifua kikigusa mwamba, begi limegeuziwa ndani. Anayepita naye apite nje tu kama pana nafasi ya nyayo mbili kamili. Pasipo na nafasi hiyo hapapitwi, hata kama kambini wanasubiri hema. Kiongozi wa kundi aseme hivyo asubuhi kambini, na awaonyeshe wageni vituo viwili au vitatu vipana ambako kundi zima litasimama kupisha. Afadhali kupisha mara tatu kwa pamoja kuliko mara hamsini mmojammoja.

Kuhusu mzigo: sheria ni kilo 20 kwa mpagazi, na upimwe langoni, usikubali kuongezewa kambini. Kichwani ni sawa njiani. Lakini pale mikono inapohitajika, kama pale njia inapokuwa nyembamba, kwenye lile jiwe ambalo wageni wanasema wanalibusu, mzigo wa kichwani unakuondolea mkono mmoja na kupeleka uzito nje ya miguu. Ufunge mgongoni kwa mikanda miwili, au mpokezane: mmoja anakwea mtupu, wa chini anampa mizigo, kisha wote wanaendelea. Inachukua dakika nne kwa watu wawili. Viatu vya raba vilivyoisha soli, ambavyo wapagazi wengi tunawaona navyo, ni hatari zaidi ya mzigo. Hilo ni suala la mwajiri, na linafaa kusemwa siku ya malipo, si ukutani.

Mawe yanayoanguka husababishwa na nini, na mtu afanye nini akisikia? (Msomaji, Tanga)

Maji. Mchana yanaingia kwenye nyufa, usiku yanaganda, na barafu inachukua nafasi kubwa kuliko maji kwa karibu asilimia 9. Ufa unapanuka kidogo kila usiku. Alfajiri barafu bado inayashika mawe kama saruji. Jua likiipiga, saruji inayeyuka na mawe yanaachiliwa. Ndiyo sababu sehemu zenye mawe huru hupitwa usiku au mapema sana. Januari 2006, kwenye Western Breach ya Kilimanjaro, mawe yaliwaua wapandaji watatu kutoka Marekani na njia ile ikafungwa kwa muda.

Chanzo cha pili, na kwa njia ya Meru ndicho kikubwa, ni miguu ya watu walio juu yenu.

Ukiangusha jiwe, hata la ukubwa wa yai, piga kelele "Jiwe!" papo hapo, mara mbili tatu. Usisubiri kuona kama litasimama. Ukisikia kelele hiyo, usiinue uso. Jibane kwenye mwamba, ingiza kichwa chini ya begi lako kama kobe, mikono shingoni. Atazamaye juu ndiye anayepigwa usoni. Kama jiwe linatoka mbali sana na una muda wa kulifuata kwa macho, basi ngoja hadi ujue linakuja wapi ndipo usogee hatua moja. Kukimbia kwenye mabamba ni ajali nyingine.

Kundi likae karibukaribu, umbali wa mkono, ili jiwe linalotoka mguuni mwa wa mbele lisipate mwendo kabla ya kumfikia wa nyuma. Pasipowezekana, mmoja apite hadi mahali pa kujikinga, aite, ndipo mwingine aanze. Kinachoua ni katikati: mita kumi na tano kati ya mtu na mtu, wote kwenye mstari mmoja.

Ninaishi Nanyuki. Nimefika kilele cha Lenana, Mlima Kenya, mara mbili. Sasa nataka Batian. Je, ni kukwea kulekule kwa zaidi kidogo? (Msomaji, Nanyuki)

La. Lenana, mita 4,985, ambako Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya siku za uhuru, Desemba 1963, ni ya mtembezi mwenye mapafu mazuri. Hatari yake ni barafu nyembamba kwenye mawe kabla jua halijachomoza, ile isiyoonekana kwa tochi. Igonge kwa ncha ya fimbo kabla ya kukanyaga. Batian, mita 5,199, na Nelion, 5,188, ni kwa kamba, na mtu anayejua kufunga nanga, yaani kuishikiza kamba kwenye mwamba, kumlinda mwenzake na kushuka kwa kamba mara nyingi mfululizo akiwa amechoka. Mwanajiografia Mwingereza Mackinder alipofika Batian Septemba 1899, waongozaji wake Ollier na Brocherel walikuwa watu wa milima ya Alps, Ulaya, waliofanya kazi hiyo miaka mingi.

Anza kwa mwaka mmoja wa mafunzo kwenye miamba ya chini. Hell's Gate, Naivasha, na Lukenya, nje ya Nairobi, zinafaa. Ukiwa tayari, chagua upande kwa kufuata jua: katikati ya mwaka jua liko kaskazini ya ikweta, na uso wa kaskazini wa Batian unakauka, Januari na Februari limehamia kusini, na njia ya Nelion ya kusini mashariki ndiyo inayokuwa kavu. Wanaokwenda upande usio wa msimu wake wanakuta nyufa zimejaa barafu na vishikio vyao viko chini yake.

Mwenzangu aliganda kwa hofu katikati ya mawe, hataki kwenda juu wala chini. Tulimvuta kwa mikono. Kuna njia bora? (Mwalimu wa sekondari, Babati)

Ipo, Mwalimu, na kuvuta si mojawapo. Mkono kwa mkono uliolowa jasho unachopoka, na ukichopoka wawili mmepoteza mizani. Ikilazimu kabisa, shikaneni vifundo, kila mmoja amshike mwenzake.

Mtu mmoja tu azungumze naye, wengine wanyamaze. Ashuke hadi chini kidogo ya aliyeganda, pembeni, kamwe si chini yake moja kwa moja. Asimwambie "usitazame chini": anapaswa kutazama chini, lakini miguuni pake. Amwonyeshe nafasi moja ya mguu na si safari nzima. "Mguu wa kushoto, hapa," na aiguse nafasi hiyo kwa mkono. Ikibidi aushike mguu wake kifundoni na kuuweka. Kisha wa pili. Begi lake lichukuliwe na mwingine, ila livuliwe mkanda mmojammoja akiwa amesimama imara, maana wengi huyumba wakati huohuo. Pipi au tende mdomoni husaidia kuliko maneno. Kutafuna hurekebisha pumzi.

Ukiona dakika kumi zimepita na mtu anatetemeka kwa baridi, uamuzi ni mmoja: chini, na wote mnageuka au mmegawana waongozaji sawasawa. Msimwache amekaa akisubiri mrudi. Mtu aliyekaa tuli saa tatu kwenye mita 4,000 kabla ya alfajiri anaweza kupoteza uwezo wa kutembea.

Na kamba? Kujifunga pamoja bila mtu anayejua kuweka nanga kunageuza kuanguka kwa mmoja kuwa kuanguka kwa wote.

Nimeandikiwa Diamox. Je, nikiimeza nitakuwa salama? (Msomaji, Mwanza)

Inasaidia mwili uzoee haraka. Haifuti ugonjwa wa kimo. Kipimo cha kawaida cha kinga ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, lakini fuata alichoandika daktari wako, na umwambie kama una mzio wa dawa za salfa. Utakojoa zaidi na vidole vitakuwa kama vinachomwachomwa; hilo la vidole lijue mapema, lisikutishe ukiwa umeshika jiwe.

Kinga kubwa kwa Meru ni kulala Miriakamba na Saddle bila kuruka, na mchana wa Saddle kupanda Meru Ndogo, karibu mita 3,820, kisha kushuka kulala. Kichwa kikiuma kidogo na ukaweza kula, endelea pole pole. Kabla ya kuingia kwenye mabamba mjaribuni kila mmoja: atembee hatua kumi, kisigino kikigusa kidole cha mguu wa nyuma, kama anayepima kiwanja. Anayeyumba asiguse mwamba. Ashuke sasa hivi, tena na mtu. Vivyo hivyo anayehema akiwa amekaa, au anayekohoa makohozi yenye povu. Hao hawasubiri kupambazuke.

Maji yangu yaliganda kwenye mrija wa mfuko wa maji usiku wa kileleni. Dawa? (Msomaji, Iringa)

Beba lita tatu, mbili kwenye chupa zenye mdomo mpana, zimejazwa maji ya moto, zimefungwa kwenye soksi, na zigeuzwe kichwa chini begini. Maji huanza kugandia juu, kwa hiyo mfuniko utabaki unafunguka. Mrija ukiutumia, kila ukishanywa puliza hewa irudishe maji kwenye mfuko wake. Yanayobaki kwenye mrija ndiyo yanayoganda. Betri za akiba za tochi ziwe mfuko wa ndani, kifuani, pamoja na simu. Na badilisheni betri kabla ya kuanza mabamba, zikiwa bado na nguvu, kwa mikono yenye glavu nyembamba na mmekaa upande wa kulia wa njia.